Kihispania kwa Video za Meksiko: Tathmini ya Huduma Nne na Mbinu ya Kuzitumia

Mtu anayeanza Kihispania hapa Nairobi hakosi video, anakosa mpangilio. Jumatatu anamtazama mtu wa Madrid akizungumzia kandanda, Jumanne Mwajentina akichoma nyama, Jumatano Mkuba akicheza dansi. Miezi mitatu baadaye masikio yake yamepitiwa na lafudhi tele, na maneno yaliyopita humo ni mengi kama abiria wa Muthurwa, lakini ni machache mno yaliyorudi mara za kutosha yakakaa.

Njia tunayoipima hapa ni ya kukaa na nchi moja. Unachagua Meksiko, unajifunza lugha kupitia video zinazoeleza maisha ya Wameksiko: chakula, soko, sikukuu, adabu, mzaha. Hutoki humo kwa mwaka mzima. Huduma tulizoziangalia ni nne: Dreaming Spanish, How to Spanish Podcast, Easy Spanish na No Hay Tos. Njia yenyewe tunaiunga mkono bila kusita, na inamfaa msemaji wa Kiswahili kuliko anavyoambiwa. Ila haijitoshelezi, na panapopungua tutapaonyesha.

Kwa nini Meksiko na si Uhispania? Kwanza ni wingi. Meksiko ina watu wapatao milioni 130, na hakuna nchi nyingine yenye wasemaji wengi hivyo wa lugha hii, kwa hiyo video hazikauki. Pili, wingi wa nafsi ya pili ni mmoja tu, ustedes, na unaepuka mnyambuliko mzima wa vosotros unaotumika Uhispania. Tatu, watu wa Jiji la Mexico hutamka konsonanti zao kamili. Wakazi wengi wa visiwa vya Karibi huidondosha s mwishoni mwa silabi, na anayeanza akiwasikiliza hujiona kiziwi. Guinea ya Ikweta, nchi ya bara letu ambako Kihispania ni lugha rasmi, ingependeza kuichagua, lakini video za kuwafundisha wanaoanza kutoka huko ni haba.

Na hapa tuwasemeshe wale waliokulia kwenye tamthilia za Meksiko zilizokuwa zikirushwa jioni kwenye runinga za Kenya. Zile zilitiwa sauti za Kiingereza. Mlizipenda, mlijua nani amemsaliti nani, lakini sikio halikupata Kihispania zaidi ya majina ya wahusika. Msianze mkidhani mna akiba.

Akiba mliyo nayo ni Kiswahili

Karibu kila somo la video limetengenezwa kwa kumfikiria Mmarekani. Huyo akifundishwa irabu, anafundishwa kitu kigeni. Sisi irabu za Kihispania ni zetu: a, e, i, o, u, zisizobadilika popote zinapokaa. Ñ ni ny ya nyanya. D ikiwa kati ya irabu mbili hulainika ikakaribia dh ya dhahabu, kwa hiyo cada husikika kadha. G nayo hulainika kuwa gh ya ghali, na agua ikawa aghwa. Mkazo wa maneno yanayoishia kwa irabu, n au s huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo katika Kiswahili. Neno likivunja kanuni hubandikwa alama: café, México, árbol. Ukiona alama, kaza hapo. Kinachokuhitaji mazoezi ni rr ya mtetemo, na kutofautisha pelo (nywele), pero (lakini) na perro (mbwa). Ambaye lugha yake ya nyumbani huchanganya l na r ayarudie maneno haya matatu kwa sauti kila siku kwa mwezi mzima, dakika mbili tu, huku akijirekodi kwa simu.

Herufi x ndiyo mtego wa Meksiko hasa, kwa sababu majina mengi yametoka Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa kale ambayo bado inazungumzwa. Katika México x ni h nzito, na Oaxaca ni Wahaka. Katika Xochimilco ni s. Katika mixiote, nyama inayofungwa kwa utando wa jani la maguey ikapikwa kwa mvuke, ni sh. Katika taxi ni ks. Hakuna kanuni itakayokuokoa. Kila jina lisikilize likitamkwa na mwenyewe kabla ya kuliandika daftarini.

Halafu kuna jambo moja linalomkwaza Mswahili zaidi ya wengine. Sikio letu linatarajia irabu baada ya kila konsonanti. Watu wa nyanda za kati za Meksiko humeza irabu zisizokazwa, hasa zikigusana na s: pues hubaki ps, entonces huwa entóns. Anayesikiliza hudhani amepitwa na neno jipya, kumbe ni neno analolijua limevuliwa koti. Dawa yake si kupunguza spidi. Spidi ikipungua, irabu iliyomezwa hairudi. Dawa ni kusoma manukuu ya Kihispania huku ukisikiliza sekunde kumi zile zile mara tatu, mpaka sikio likubali kwamba ps na pues ni mtu mmoja.

Katika sarufi, daraja ni pana vilevile. Kihispania, kama Kiswahili, hubeba mtendaji ndani ya kitenzi: hablo ni nazungumza, hakuna haja ya kutanguliza yo kila mara. Ser na estar, vitenzi viwili vinavyowatoa jasho Waingereza, kwetu vina mlango wa kuingilia: es maestro ni mwalimu, está en Nairobi yuko Nairobi. Na kiambishi cha -me- kinasaidia pale ambapo vitabu huanza kuhangaika. Está sentado: ameketi. Está cerrado: imefungwa. Está muerto: amekufa. Mwanafunzi wa Kiingereza huuliza kwa nini kifo, jambo lisilobadilika, kitumie kitenzi cha hali ya muda. Mswahili hana swali hilo, maana amekufa ni hali iliyotokana na tendo, basi. Usiipanue kanuni hii kila mahali, lakini itakubeba kwenye sentensi nyingi za mwaka wa kwanza.

Huduma zenyewe

Dreaming Spanish, iliyoanzishwa na Mhispania Pablo Román, ndiyo mahali pa kuanzia. Mwalimu huzungumza Kihispania kitupu huku akichora, akionyesha picha na kuigiza, nawe unaelewa kabla hujajua umeelewaje. Video zimepangwa kwa ngazi, kutoka wanaoanza kabisa hadi waliokomaa, na nyingi ni za bure. Inahesabu saa ulizotazama: hatua zake ziko kwenye saa 50, 150, 300, 600, 1,000 na 1,500. Ukitazama saa moja kwa siku bila kukosa, saa 1,500 ni miaka minne na zaidi ya mwezi mmoja. Aliyesoma Kifaransa hadi kidato cha nne na kukishika vizuri anaweza kupunguza hesabu hiyo, kwani huduma yenyewe inakadiria kwamba anayejua lugha ndugu ya Kihispania huhitaji kama nusu.

Tatizo lake kwa njia yetu ni kwamba walimu wametoka nchi mbalimbali. Usiache orodha ikuchagulie. Tafuta walimu wa Meksiko, washike wawili au watatu, na video zinazogusa desturi za kwao zipe kipaumbele hata kama picha za wengine zinavutia zaidi.

Tunapingana nayo kwenye jambo moja. Inashauri mwanafunzi achelewe kusoma na kuzungumza mpaka mamia ya saa yapite, kwa hofu kwamba atasoma kwa matamshi ya lugha yake. Kwa msemaji wa Kiingereza hofu hiyo ina msingi. Kwa mtu aliyejifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu, hasara ni ndogo na faida ni kubwa. Mfunze jicho kwamba h haitamkwi, j ni h, ll ni y, qu ni k, na c mbele ya e au i ni s. Hiyo ni kazi ya alasiri moja. Baada ya hapo soma manukuu ya Kihispania tangu juma la pili.

How to Spanish Podcast inaendeshwa na Wameksiko wawili wanaozungumza wao kwa wao, Kihispania kitupu, kwa spidi ya watu wanaotaka kueleweka lakini hawaigizi. Ni ya ngazi ya kati; ukiivamia mwezi wa kwanza utakata tamaa bure. Kwa mada za utamaduni wa nchi moja, hakuna inayotufaa zaidi katika hizi nne. Mazungumzo yanarudi kwenye desturi, misemo na chakula, na yanapatikana pia kama sauti tupu, jambo litakalokuokolea bando.

Easy Spanish huwahoji watu barabarani. Utasikia mzee, mwanafunzi, muuza matunda, kila mmoja na pumzi yake, na hilo ni la thamani kwa sababu mwalimu wa video hutamka vizuri mno. Kasoro zake ni mbili. Haijajifunga Meksiko, vipindi vingi ni vya Uhispania, hivyo soma kichwa na maelezo kwanza. Pia manukuu ya Kihispania na ya Kiingereza yamechapwa ndani ya picha, huwezi kuyazima. Jicho la Mkenya hukimbilia Kiingereza bila kuombwa. Kata kipande cha karatasi ngumu, kibandike chini ya kioo kifunike mstari wa Kiingereza tu. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini bila karatasi hiyo unasoma Kiingereza chenye muziki wa Kihispania nyuma.

No Hay Tos ni ya masikio, na ni ya lugha ya mtaani. Jina lenyewe ni msemo wa Kimeksiko: neno kwa neno ni "hakuna kikohozi", maana yake hakuna noma. Ifikie ukiwa umeshavuka ngazi ya kati. Humo utakutana na neta (kweli tupu), chamba (kibarua), chido na padre (poa), aguas (chunga!), na güey, ambalo vijana hulitia kila sentensi kama vijana wetu wanavyotia msee. Lielewe, usilibebe mdomoni. Ukimwambia mama wa makamo güey umemkosea adabu, na kosa hilo halisamehewi kwa sababu tu wewe ni mgeni. Kwa wakubwa tumia usted. Ukiitwa au usiposikia vizuri, jibu la Kimeksiko ni ¿mande?, nalo lina adabu ile ile ya abee au naam. Ukipita penye watu wanaokula, sema provecho.

Video moja, mara nne

Kosa kubwa tunaloliona ni kutazama video nyingi mara moja moja. Chukua video moja ya dakika 12 na uitazame mara nne kwa siku tatu. Mara ya kwanza hakuna manukuu, hakuna kusimamisha. Lengo ni kujua nani anafanya nini. Mara ya pili washa manukuu ya Kihispania. Kwenye kompyuta, ukiwa YouTube, herufi C huyawasha na kuyazima, J hurudisha sekunde 10, K husimamisha; kwenye simu gusa mara mbili upande wa kushoto wa kioo. Mara ya tatu unasimamisha na kuchukua maneno, yasizidi nane, kila moja ndani ya sentensi yake nzima. Mara ya nne chagua dakika moja na useme pamoja na msemaji, kwa sauti, ukimfuata kama kivuli. Siku ya tatu sikiliza sauti tupu ukiwa kwenye matatu. Ukielewa bila picha, video hiyo imekwisha.

Kujua kama video inakufaa: katika dakika mbili za mwanzo simamisha mara nne, na kila mara sema kwa Kiswahili kilichosemwa hivi punde. Ukishindwa mara mbili, shuka ngazi. Tunasisitiza kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza, kwa sababu tafsiri ya kwanza ndiyo inayokaa, na tumeshaona daraja zuri liko upande gani.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko njia hii inakoonyesha nguvu zake. Tafuta video ya kutengeneza tortilla kuanzia kwenye punje. (Tortilla ya Meksiko ni chapati nyembamba ya mahindi, ya Uhispania ni mayai na viazi. Hii ni sababu nyingine ya kutochanganya nchi.) Mahindi yanawekwa kwenye maji na chokaa ya kupikia, kiasi cha gramu 10 kwa kilo moja ya mahindi na lita 3 za maji. Yanachemka taratibu, kisha yanalala humo usiku kucha. Asubuhi ganda limelegea, linasuguliwa na kuoshwa, punje zinasagwa kuwa donge linaloitwa masa. Anayeijua muthokoi ya Ukambani ataelewa mara moja wazo la kuvua ganda, ila kule kinu na mchi ndivyo vinavyofanya kazi, hapa ni chokaa. Na chokaa haivui ganda tu. Inaiachilia vitamini B3 iliyofungwa ndani ya hindi ili mwili uipate. Donge hugawanywa vipira, hubanwa bapa, hutupwa juu ya comal, kikaango cha bapa kisichotiwa mafuta. Hugeuzwa mara mbili, na baada ya mara ya pili, kama masa ina maji ya kutosha, tortilla hufura kama puto dogo. Isipofura, kwa kawaida masa ilikuwa kavu au comal haikupata moto.

Angalia vitenzi vilivyopita mbele ya macho yako: cocer, reposar, enjuagar, moler, amasar, voltear, inflarse. Hukupewa orodha, umeona mkono ukifanya. Na kila fundi wa upishi atavirudia hivyo hivyo, kwa sababu tortilla haina njia mia.

Kisha sikiliza jinsi anavyoamrisha: agregue el agua, deje reposar, voltee la tortilla. Hii ni hali ya kitenzi ambayo vitabu huiita subjuntivo na kuiahirisha hadi mwaka wa pili kana kwamba ni mlima. Mswahili anayo. Nataka aseme: quiero que hable. Anasema hugeuka aseme. Habla hugeuka hable. A ya mwisho imekuwa e katika lugha zote mbili, na kwa kazi ile ile: kutaka, kuomba, kuagiza kwa adabu. Ulinganifu huu ni wa vitenzi vya -ar peke yake. Vya -er na -ir huenda kinyume, come ikawa coma, vive ikawa viva, na hapo ndipo watu huteleza. Lakini maana ya kuitumia unayo tayari, nayo ndiyo nusu ngumu. Kila usikiapo amri ya mpishi, iseme kwa Kiswahili: uongeze maji, uiache itulie, uigeuze. Baada ya mapishi kumi hutahitaji jedwali.

Video za sokoni hufuata. Mazungumzo ya kawaida, mteja akinunua nusu kilo ya parachichi la sitini kwa kilo, huenda hivi:

—¿A cómo el aguacate?
—A sesenta el kilo, güerita. ¿Cuánto le damos?
—Medio, por favor. ¿Y mi pilón?

¿A cómo? ni "unauzaje?" yetu, swali la kitu ambacho bei yake hubadilika kila siku, dukani penye bei iliyobandikwa ungesema ¿cuánto cuesta? Güerita kwa kamusi ni mwanamke mweupe, lakini mchuuzi humwita hivyo mteja yeyote ili asimame, kama wanavyokuita kasta pale Gikomba. Le badala ya te inakuambia anakuheshimu. Pilón ni nyongeza, ile nyanya moja mama mboga anayokutupia juu ya fungu. Aguacate lenyewe ni la Kinahuatl, pamoja na chile, chocolate, cacahuate (njugu) na tianguis, soko la siku maalumu. Na ukiwa katikati ya Meksiko nyanya nyekundu ni jitomate. Ukiomba tomate unaweza kupewa zile za kijani zenye ganda la karatasi.

Kalenda ifanye kazi yako

Faida ya nchi moja inaonekana zaidi kwenye sikukuu. Watengenezaji video wote wa Meksiko huzungumzia jambo moja katika juma moja, na wewe unasikia msamiati ule ule kutoka kwa watu wanne au watano bila kuutafuta. Usiku wa tarehe 15 Septemba ni Grito, ukumbusho wa wito wa uhuru. Tarehe 1 na 2 Novemba ni Día de Muertos, iliyoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2008: ofrenda (meza ya kuwakaribisha marehemu), cempasúchil (ua la rangi ya machungwa), pan de muerto (mkate wa sikukuu hiyo), papel picado (karatasi za pambo zilizokatwa nakshi). Tarehe 16 hadi 24 Desemba ni posadas, sherehe za jioni za kuelekea Krismasi. Tarehe 6 Januari hukatwa rosca de Reyes, mkate wa duara uliofichwa sanamu ndogo ya mtoto. Ukisikia le tocó el niño, maana yake ni kwamba kipande chake kilikuwa na sanamu, na atalazimika kuwanunulia wenzake tamales (vyakula vya masa) tarehe 2 Februari. Hakuna kamusi itakayokupa hayo yote kwenye neno tocó. Panga masomo yako wiki mbili kabla ya kila tarehe, anza na video za ngazi ya chini, na siku yenyewe utazame za wenyewe kwa wenyewe.

Manukuu, bando na malipo

Manukuu yaliyoandikwa na mashine hutambulika kwa kukosa vituo, na YouTube huonyesha kando ya jina la lugha kwamba yamezalishwa kiotomatiki. Kihispania cha kawaida huyapata vizuri. Hukosea pale hasa unapoyahitaji: maneno ya Kinahuatl huyageuza takataka, na maneno yanayofanana kwa sauti huyachanganya, kama a ver (hebu tuone) na haber (kuwepo). Tafsiri ya mashine kwa Kiswahili tunashauri uiache kabisa. Neno su laweza kuwa -ake, -ao au -ako ya heshima, na mashine hubahatisha. Ahorita huigeuza "sasa hivi", ilhali Mmeksiko akikuambia ahorita voy anaweza kuwa na maana ya sasa, baadaye kidogo, au usingoje.

Kuhusu bando: saa moja ya video kwa ubora wa 360p hula kati ya MB 300 na 450, kwa 720p hupita GB 1 kwa urahisi. Mazungumzo ya watu wawili mezani hayahitaji zaidi ya 240p. Mapishi yaongezee hadi 480p uione mikono. Sauti tupu ya podkasti kwa 128 kbps ni takriban MB 1 kwa dakika, kwa hiyo marudio yote ya siku ya tatu yafanye kwa sauti iliyopakuliwa.

Kulipa si lazima mwaka wa kwanza. Anayetaka video zote za Dreaming Spanish, usajili wake umekuwa dola 8 kwa mwezi, na kwa shilingi 130 kwa dola hiyo ni shilingi 1,040. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya Visa ya M-PESA GlobalPay. Usajili hujirudia wenyewe kila mwezi. Ukiwa na mtihani au safari, usitishe kabla ya tarehe.

Panapopungua

Video hazikusahihishi. Makosa ya Mswahili tunayajua. La kwanza ni él na ella: yeye wetu hana jinsia, na mwanafunzi humwita mama él huku akimwangalia. La pili ni por na para, ambazo zote kwetu ni kwa. Andika mifano ishirini ya kila moja kutoka kwenye video, usitegemee maelezo. La tatu ni maneno yanayofanana na yetu kwa sauti tu. Baba kwa Kihispania ni mate, caca ni kinyesi, sana ni mwanamke mwenye afya. Ukisimulia familia yako usichanganye lugha. Upande mzuri ni kwamba hasta na hata zote zimetoka kwenye neno moja la Kiarabu: hasta los niños lo saben, hata watoto wanalijua. Na azúcar ni sukari. Mesa, bandera na vino tulizipata kupitia Wareno, kwa hiyo meza, bendera na mvinyo umeshalipiwa.

Kuzungumza kunahitaji mtu. Ukishavuka saa 150, tafuta mwalimu wa Meksiko kwenye italki au huduma kama hiyo, nusu saa kwa wiki, na umwambie mada ni video uliyoitazama siku tatu zilizopita. Usikubali mazungumzo ya kujaza muda. Mpe kazi moja, kusahihisha él na ella, halafu wiki inayofuata nyingine.

Jihadhari na saa. Nairobi iko mbele ya Jiji la Mexico kwa saa 9 mwaka mzima, kwani Meksiko iliacha kubadilisha saa mwaka 2022 isipokuwa sehemu chache, hasa za mpakani na Marekani. Saa tatu usiku hapa ni saa sita mchana kwake, naye ataiita las doce. Ukiwaza saa tatu ukaandika a las tres, yeye anasoma saa tisa, tena bila kujua ni ya nchi gani. Muandikie kwa tarakimu, 21:00 Nairobi, 12:00 Ciudad de México, na tarehe kando yake. Kikao cha saa mbili asubuhi ya Jumamosi hapa, kule bado ni Ijumaa, saa tano usiku.